Kocha aliyeninyang'anya ubao majini: uzoefu wangu wa darasa la kuogelea la watu wazima

Naandika haya nikiwa na hasira, na hasira yenyewe si ya leo. Miezi kadhaa imepita tangu jambo lile litokee, lakini kila nikiingia bwawani na kuipata ile harufu ya klorini, linanirudia upya. Anayetaka kujua saa za kufungua au idadi ya mabafu, hayo yapo kwenye tangazo lao. Mimi nina neno kuhusu mkono wa mtu mmoja.

Nilijiandikisha darasa la watu wazima wasiojua kuogelea kabisa. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya kueleza kama una hofu ya maji, nikaijaza mistari minne. Nikaeleza kwamba utotoni niliwahi kuzama, kaka yangu akanivuta kwa nywele, na tangu siku ile maji yakinifika kifuani moyo unaanza kwenda mbio. Niliandika kwa mwandiko mzuri, nikiamini kwamba kuna mtu atasoma.

Siku za mwanzo sikuwa na malalamiko. Tulishika ukingo tukapiga miguu, tukaambiwa tupige kutoka nyongani na si kwa kukunja magoti, kisha tukapewa mbao za kuelea. Ule wangu ulikuwa wa buluu, pembe moja imemeguka kama imeng'atwa, na nikauzoea mpaka nikawa nautafuta kwenye rundo kila nikifika. Nikiushika kwa mikono miwili iliyonyooka nilikuwa nasonga polepole, wakati mwingine hadi karibu nusu ya bwawa, na bwawa lenyewe ni la mita 25. Kwa mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuacha miguu iondoke chini, hiyo ni safari ndefu. Nilikuwa narudi nyumbani nimechoka na nina furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Shida yangu ilikuwa pumzi. Nikisogea kidogo tu, nahema kama niliyekimbizwa. Na kocha alikuwa na dawa moja kwa kila mgonjwa: "Bana pumzi! Bana, piga miguu!" Nami nikawa nabana. Kifua kinajaa, kinakaza, masikio yanavuma, halafu nikitoa kichwa nje natakiwa kutoa hewa chafu yote na kuvuta safi papo hapo, kwa muda wa kufumba na kufumbua. Haiwezekani. Lakini nilimwamini yeye, nikaona kasoro ni ya mapafu yangu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa jioni, bwawa limejaa, taa zimeshawashwa. Tulikuwa leni ya ukingoni, yaani njia iliyotengwa kwa kamba, tunakwenda mmoja mmoja na mbao zetu. Nilishapita pale ambapo sakafu inaanza kuteremka. Najua kwa sababu mstari mweusi wa vigae uliokuwa karibu na uso wangu ulianza kuwa mbali, ukawa kama unaanguka. Nilikuwa natetemeka ila nasonga. Nikamsikia mtu anakuja nyuma yangu, nikajua ni kocha, na namwambia msomaji ukweli, nilifarijika. Nikasema moyoni, yupo, hata nikishindwa yupo.

Akanyoosha mkono akaushika ubao kwa mbele, akauvuta.

Hakusema kitu kwanza. Hakusema "uko tayari?" wala "nahesabu hadi tatu." Niliona vidole vyake vinne juu ya ile pembe iliyomeguka, kisha ubao haupo, na mikono yangu imeshika maji. "Nenda sasa!" Hilo ndilo neno la mwisho nililosikia kabla masikio hayajazama.

Maji yaliingia puani. Niliona taa za juu zimevunjika vipande vipande. Nilitafuta sakafu kwa vidole vya miguu, sikuipata. Kilichoniokoa ni kamba ya leni. Niliidaka kwa mkono wa kushoto, na vile visahani vyake vya plastiki vikawa vinazunguka ndani ya kiganja, kila nikikaza vinateleza, nikikaza vinateleza, hadi nikaikumbatia kwapani. Nikaning'inia pale nakohoa. Kocha yuko hatua mbili, ubao wangu ameuweka chini ya kifua chake, anacheka.

"Mama, mtu mzima hivyo unaogopa maji ya bwawa? Hapa watoto wa miaka sita wanavuka."

Wawili watatu kwenye darasa wakacheka naye. Siwalaumu sana, wao pia walikuwa wanaogopa na zamu yao ilikuwa inakuja.

Nilikwenda ofisini nikiwa bado nachuruzika maji. Dada wa mapokezi alinisikiliza, akatoa faili, akafungua fomu yangu. Mistari yangu minne ilikuwa palepale. Sehemu ya chini, ya saini ya kocha kuthibitisha kwamba amesoma, ilikuwa tupu. Nikamwonyesha. Akasema, "Ndiyo njia yake, wengi wamejifunza hivyo." Sikujibu kitu, maana kama ningejibu ningelia.

Nimelala na sentensi hiyo usiku mwingi. Wengi wamejifunza hivyo. Na walioacha je, nani aliwahesabu? Mtu akitishwa majini, harudi kuja kutoa malalamiko. Anaondoka na taulo lake na kusema kuogelea si kwa ajili yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji. Laki tatu. Mtu mzima akijileta mwenyewe kujifunza, hiyo ni nafasi ambayo haistahili kuchezewa, na hofu aliyokuja nayo inatokana na kitu anachokijua.

Tena lile jambo halikuwa kosa la adabu peke yake. Lilikuwa kosa la ufundi. Mtu akishtuka majini anainua kichwa, kila mtu hufanya hivyo. Kichwa kikiinuka, nyonga zinashuka na miguu inazama, kwa sababu kinachoelea ni kifua chenye hewa, na miguu ni mizito. Kwa hiyo ukimshtua mwanafunzi unampa lile umbo la mwili ambalo haliwezi kuelea, kisha unamcheka kwa nini haelei. Huyu ni kocha. Hili analijua au anapaswa kulijua.

Baada ya siku ile kwa muda wa wiki mbili sikuweza kuweka uso majini. Hata nyumbani, nikinawa uso nilikuwa nashika ukingo wa beseni.

Nilirudi kwa sababu nilishalipa, na kwa sababu kuna saa za kuogelea huru ambazo kocha hayupo. Nikawa nakaa kina kifupi, nimesimama tu. Hapo ndipo mzee mmoja, ambaye huogelea leni ya polepole kwenda na kurudi bila haraka yoyote, alisimama kando yangu akavua miwani, akaisafisha kwa kidole, akaniuliza, "Mwanangu, nani alikufundisha kubana pumzi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, hakusema neno baya juu ya mtu.

Akaniambia nishike ukingo, niweke uso majini, nivume. Ndivyo alivyosema, vuma kama nyuki, mdomo umefunga. Nikavuma, na mapovu yakatoka puani yenyewe, na maji hayakuingia. Nikainua uso: kifua kiko tupu, hewa ikaingia bila kuitwa. Nilirudia mara ishirini, thelathini, sikutaka kuacha. Kumbe kile kinachotufanya tutapetape chini ya maji, aliniambia, si kukosa oksijeni kwa haraka hivyo. Ni kaboni dioksaidi inayojaa mwilini ndiyo inayopiga kelele. Ukiwa unatoa hewa kidogo kidogo uso ukiwa majini, ukigeuka kazi inabaki moja tu, kuvuta. Kitu cha dakika tano, na darasa zima la kulipia halikunifundisha.

Jambo hilo la pumzi linanikumbusha lingine, nalitaja kwa sababu linanitia wasiwasi kuliko hata yangu. Kuna siku niliwaona vijana wa darasa la juu wanashindana kwenda chini ya maji bila kuvuta pumzi, na kocha huyuhuyu akiwaambia waheme haraka haraka kwanza ili "wajaze hewa." Kuhema hivyo hakuongezi oksijeni ya maana. Kunapunguza ile kaboni dioksaidi inayotoa onyo, na mtu anaweza kupoteza fahamu chini ya maji kabla hajahisi haja ya kuvuta pumzi. Watu hufa hivyo, hata waogeleaji hodari. Mwenye mtoto pale, amuulize.

Narudi kwa mzee. Alinifundisha mengine taratibu: macho yaangalie mstari mweusi chini na si ukuta wa mbele, nikivuta hewa nigeuze mwili na sikio moja libaki majini, na nikiona ule mstari umekatwa kwa msalaba kama herufi ya T nijue ukuta uko mita 2 mbele, nisiogope kuugonga. Leni ya polepole watu huzunguka kwa upande mmoja. Mtu akikugusa mguu hajakutukana, anaomba kupita, ukifika ukutani jibanze pembeni umwachie. Mambo haya hakuna aliyetueleza, na mimi mara ya kwanza nilipoguswa mguu nilitaka kugombana.

Siku moja nikiwa nimekata tamaa alinisimulia habari za Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta. Mwaka 2000, Olimpiki ya Sydney, mita 100 mtindo huru. Alikuwa hajatimiza hata mwaka tangu aanze kujifunza kuogelea, na hakuwahi kuona bwawa la mita 50 kabla ya kufika pale. Wenzake wawili wa kundi lake waliondolewa kwa kuanza mapema, akabaki peke yake kwenye maji yote yale. Mita za mwisho alikuwa karibu anazama. Akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72, na uwanja mzima umesimama unamshangilia. Mzee alipofika hapo akanyamaza. Mimi nilifikiria wale watu wote waliomwona mtu mzima anahangaika majini, wakachagua kumpigia makofi.

Sasa hapa hukumu yangu inayumba, na lazima niwe mkweli. Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema msikanyage pale. Lakini bwawa ni safi. Wanasimamia watu waoge kabla ya kuingia, na hilo si dogo, kwa sababu ile harufu kali inayochoma macho hutokana na klorini ikikutana na jasho na mkojo. Muokoaji wa zamu ya jioni hatoi macho majini. Leni ya polepole wanailinda, kijana mwenye haraka akiingia huelekezwa kwingine kwa upole. Na kocha mwenyewe, nimemwona akimrekebisha muogeleaji mzoefu kiwiko, akamwonyesha mara moja tu, na yule kijana akabadilika mbele ya macho yangu. Jicho analo. Kama tayari unajua kuogelea na unataka kuongeza kasi, huenda ukanufaika naye kweli.

Juzijuzi nilivuka. Mita 25 nzima, bila ubao, bila kusimama, navuma kama nyuki. Niliuona msalaba wa mstari mweusi, nikahesabu mapigo, na vidole vikagusa ukuta. Nililia ndani ya miwani, ikajaa ukungu. Mzee alikuwa upande wa pili ameinua mkono.

Kumbe kocha naye alikuwa amesimama ukingoni. Akainama, akasema, "Unaona? Nilikwambia utaweza. Ningekuachia ubao ungekuwa mpaka leo umeukumbatia."

Nilifikiri juu ya hilo, kwa haki kabisa. Nikajiuliza kama labda ana sehemu ya ukweli. Nikajiuliza tangu bwawani hadi nyumbani, na usiku pia. Jibu langu ni hapana. Nilivuka kwa sababu mtu alinifundisha kutoa pumzi. Zile wiki mbili za kushika beseni ndizo alizonipa yeye, na hajawahi kusema samahani, na nina hakika hadi leo hajaisoma ile mistari minne.

Nilikuwa nimeweka nyota moja. Nikaandika habari za mzee, za muokoaji na za leni ya polepole, nikapandisha hadi tatu, na nusura niiache hivyo, maana wale wanastahili. Lakini mzee hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi wao, na anayejiandikisha leo atapewa fomu ileile na kocha yuleyule. Narudi kwenye nyota moja. Ukienda, nenda saa za kuogelea huru, simama kina kifupi, uangalie kama kuna mzee anayeogelea bila haraka. Na kama ni lazima uingie lile darasa, usipite pale sakafu inapoteremka mpaka umemwona kocha ametia saini fomu yako.