Kaya Kinondo, Diani: nendeni, lakini vaeni viatu vya kufunika

Nyota nne na nusu, na hiyo nusu nimeikata kwa sababu ya mbu tu, mengine yote sina neno.

Kwa wasiojua, Kaya Kinondo ni msitu wa Wadigo, uko kusini ya Diani, pwani ya Kenya, hekta kama 30 hivi, na ni moja ya zile kaya (misitu mitakatifu) za Wamijikenda zilizotiwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Wengi wanaokuja Diani hawajui hata kama upo, wanaishia beach na kupanda ngamia. Na kama uko hoteli usikubali broka wa pale getini, mimi mmoja alinitajia bei nikacheka, panda tuktuk Ukunda mwambie Kinondo, kiingilio ukalipe kwa wenyeji wenyewe hela ibaki kijijini.

Kabla ya kuingia unafungwa kaniki kiunoni, mwanamume kwa mwanamke, kofia unavua, halafu masharti: hakuna sigara, hakuna kubusiana (kundi letu lilikuwa na maharusi, wacha tu), na humo ndani hakitoki kitu, hata jani kavu. Unaweza kudhani ni maneno ya kuwafurahisha watalii. Basi mpwa wangu akaokota mbegu ya mbambakofi, zile nyeusi tii zinang'aa zina kikofia chekundu upande mmoja utadhani zimechovywa rangi, akaitia mfukoni taratibu, na yule kijana anayetutembeza wala hakusimama, akasema tu, "Mdogo wangu, irudishe ilipokuwa, hiyo ina kazi yake hapa." Ikarudi. Ndiyo maana msitu upo mpaka leo, haukuokolewa na ua wa waya, umeokolewa na wazee wa kaya na miiko yao, wakati kaya nyingine za pwani hii zimemegwa ploti mchana kweupe.

Kilichonimaliza mimi ni mizizi. Pale chini si udongo wa maana, ni jiwe la matumbawe limejaa ncha (hapo ndipo ndala zitakutia adabu), na juu yake imesimama miti mikubwa ajabu, mizizi inashuka kwenye nyufa, inalizunguka jiwe, inalibana mpaka huoni mti unaishia wapi. Hamna anayemwagilia, mbolea ni majani yake yenyewe. Sasa toka nje uangalie ploti za beach, nazo zilikuwa msitu huu huu, wameng'oa kila kitu wakaleta udongo wa lori wakapanda nyasi za kukata na maua ya kununua, kutwa mpira wa maji uko wazi, kisima kinaanza kutoa maji ya chumvi, halafu wanalalamika eti nyani na mbega wanasumbua. Hivi watakula wapi na umeshawakatia chakula? Mbega kula yake ni majani ya miti, na leo pale Diani anavuka barabara kwa ngazi za kamba alizofungiwa juu na watu wenye huruma.

Palipochemka ni kwenye muarobaini. Mamangu kwake huo ni dawa ya kila kitu kuanzia homa mpaka viroboto, akaambiwa kwa upole kabisa kwamba asili yake ni Bara Hindi, ndege wanakula tunda wanaimwaga mbegu msituni, ikiota inasongamana mpaka miche ya hapa inakosa nafasi. "Kwa hiyo mwanangu nipande nini?" Akatajiwa mkwaju, mfudu, mbambakofi, na mvule kama uwanja unatosha. Mfudu ukaleta stori za utotoni za fudu za kuchemsha, tukakaa hapo hapo tunaliwa na mbu na hakuna aliyetaka kuondoka.

Nendeni asubuhi jua halijakaza, bebeni maji, na kabla ya kupiga picha uliza, si kila mahali panaruhusiwa. Na mwenye ploti huko Galu au Tiwi aende kabla hajaita watu wa kufyeka, auone msitu kwanza, ile miti uliyonayo huwezi kuinunua popote kwa ukubwa huo.

Kwa mama sasa kuna kesi ya ule muarobaini wa nyuma ya jiko. Mfudu umeshapandwa, ila muarobaini hajakubali ukatwe.