Twita ya juu kwa JBL 4430: matoazi yamerudi

JBL 4430 zangu, spika za studio za miaka ya 1980, huimba benga vizuri mno, ila honi yake, sehemu inayotoa sauti nyembamba, huishiwa pumzi kule juu kabisa. Nimeziongezea Fostex T90A, twita yaani spika ndogo ya sauti nyembamba kabisa, kupitia kapasita ya maikrofaradi 1.5, kwa spika ya omu 8, hiyo hupunguza sauti zilizo chini ya kilohezi 13 hivi. Fundi wangu wa Kibuye, Kisumu, alilehemu, nikawasha: loo, matoazi yalichoma masikio! Kwa umeme uleule T90A hulia kwa sauti kubwa kupita 4430, kwa hiyo usikose rizista za kuipunguza. Baada ya kuziweka nikaisogeza twita nyuma vidole viwili, ikatulia. Jana usiku nilisikia pete ya mguuni ikigonga ubao wa nyatiti, ting, kama mpigaji ameketi sebuleni kwangu. Siitoi tena.