Lala Eastbourne, utembee Rye: uzoefu wangu wa pwani ya kusini ya Uingereza

Tathmini hii ni ya Sussex, kile kipande cha pwani kinachoanzia Chichester magharibi hadi Rye mashariki, kwa mtu anayetembea kwa treni na basi bila gari. Miji naipa nyota tano. Bahari naipa mbili na nusu. Na kosa ninaloona wageni wengi wakilifanya ni kulala Brighton, wakati vitu vizuri vimetapakaa kilomita 50 upande wa mashariki wake.

Nasema Eastbourne kwa sababu ya reli. Kutoka hapo Lewes ni dakika 20 na kitu, Hastings nusu saa hivi, Brighton 35 hadi 40, na treni ya dizeli ya kwenda Ashford inakufikisha Rye bila kubadilisha, chini ya saa nzima. Hoteli zimepangwa mstari mzima mbele ya bahari, tena bila maduka ya kelele, kwa kuwa ukoo wa Duke wa Devonshire uliomiliki ardhi hiyo karne ya 19 haukutaka biashara ufukweni. Siku za katikati ya wiki bei zake huwa nafuu kuliko za Brighton.

Ila majengo yenyewe ni ya enzi ya Malkia Victoria, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Lifti ipo? Kama haipo, chumba cha juu ni kupanda ghorofa nne kwa ngazi na sanduku mkononi. "Mandhari ya bahari" na "mandhari ya bahari kwa pembeni" ni vitu viwili: cha pili maana yake unasimama dirishani na kupinda shingo. Viyoyozi ni nadra, na chumba kinachotazama kusini mwezi Julai huwa tanuri. Ukifungua dirisha, shakwe watakuamsha saa kumi alfajiri, maana Juni kunapambazuka mapema hivyo. Mwenye usingizi mwepesi achukue chumba cha nyuma, anaokoa na pesa.

Kuhusu tiketi. Kadi ya Oyster, ile ya kulipia nauli London, mwisho wake ni uwanja wa ndege wa Gatwick. Ukiitumia kuingia kituoni London na kuteremka Brighton, huna tiketi. Faini ya kupanda treni bila tiketi halali ni pauni 100 juu ya nauli, nusu yake ukilipa ndani ya siku 21. Siku za kazi subiri hadi saa tatu unusu asubuhi, ndipo nauli nafuu zinapoanza kwa safari nyingi. Watu 3 hadi 9 wanaosafiri pamoja baada ya muda huo hupunguziwa theluthi moja bila kadi yoyote, mradi wanunue tiketi ya kundi. Wengi hawajui, kila mmoja anajinunulia yake.

Jambo jingine linalopoteza watu ni kwamba baadhi ya treni za kutoka London Victoria hukatwa vipande viwili njiani, Haywards Heath au Horsham. Mabehewa ya mbele yanakwenda huku, ya nyuma kule. Ubao wa kituoni unaonyesha namba za mabehewa. Ukikaa upande usio wako utajikuta Littlehampton ilhali hoteli yako iko Eastbourne. Jumapili angalia matengenezo ya reli kabla ya kutoka chumbani, kwa sababu basi la kufidia treni hugeuza safari ya nusu saa kuwa ya saa moja na nusu.

Kati ya Eastbourne na Brighton acha treni angalau mara moja, panda basi namba 12. Tangu Januari 2025 nauli ya safari moja kwa mabasi mengi ya Uingereza haizidi pauni 3. Ukielekea Brighton kaa ghorofa ya juu, kushoto. Teremka Exceat kwa ajili ya majabali meupe ya Seven Sisters. Hapa ndipo watu wanapokosea ukingo. Ile picha maarufu, yenye nyumba ndogo za walinzi wa pwani mbele na majabali nyuma, hupigwa kutoka upande wa magharibi wa mto Cuckmere, upande wa Seaford. Ukishuka na njia ya mashariki utafika chini ya majabali yenyewe, na ng'ambo hutavuka: mdomo wa mto una mkondo mkali, daraja liko kule kule Exceat ulikotoka, kilomita mbili na zaidi nyuma. Mwenye miguu aanzie kituo cha treni cha Seaford na kumalizia Eastbourne. Ni kama kilomita 22, saa sita hadi saba, vilima vinane (wenyeji wanavihesabu saba, ndiyo jina Seven Sisters, yaani dada saba), na kituo cha kweli cha chai na choo ni Birling Gap. Jabali la Beachy Head, karibu na mwisho, lina kimo cha mita 162 juu ya bahari, na hakuna uzio. Chokaa humeguka bila kutoa ishara, na nyasi zinazoonekana imara pembezoni mara nyingi zinaning'inia juu ya hewa tupu. Kaa mita kadhaa ndani. Vivyo hivyo usitandike mkeka chini ya jabali.

Sasa bahari. Msomaji wa Tanga, Unguja au Lamu asije na matarajio ya nyumbani. Brighton, Eastbourne na Hastings ni kokoto, za ukubwa wa yai kwenda juu. Ndala hazifai, zinavuka na kupinduka. Nunua viatu vya mpira vya kuogea vyenye soli ngumu. Ufuo wa kokoto una mteremko mkali: hatua tatu maji yako kiunoni, na wimbi linavunjika pale pale pwani na kukuvuta miguu linaporudi. Ndiyo maana watu wazima wanaangushwa kwenye maji ya magoti. Zile kuta za mbao zinazoingia baharini zimewekwa ili kokoto zisihamishwe na mawimbi kuelekea mashariki. Usiogelee karibu nazo, kwani pembeni yake hujengeka mikondo. Joto la maji ni kama nyuzi 17 au 18 mwezi Agosti na Septemba, na hushuka hadi 8 hivi mwishoni mwa majira ya baridi. Ingia taratibu, mwili uzoee baridi na pumzi itulie kwanza, ndipo uogelee. Bendera nyekundu na njano ni eneo lenye walinzi. Nyekundu tupu, hakuna kuingia. Ukiona mfuko wa rangi ya chungwa ukipepea, maboya ya kupuliza yabaki nchi kavu kwa sababu upepo unatoka bara. Dharura piga 999, omba walinzi wa pwani.

Anayetaka mchanga kweli aende Camber, dakika kama 15 kwa basi kutoka kituo cha Rye. Ni mzuri, mpana, wenye vilima vya mchanga nyuma, na ndio ninaouheshimu kuliko fuo zote za huko. Agosti 2016 vijana 5 walikufa maji hapo katika siku moja. Sababu mtu wa pwani ataielewa haraka: ufuo ni tambarare, maji yakipwa huenda mbali mno, na yakirudi hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma ya fungu la mchanga ulilosimama. Unadhani unatazama bahari iliyo mbele yako, kumbe imeshakuzunguka. Bamvua ya Unguja ni kama mita 4; ya Hastings hupita 6. Angalia jedwali la maji, na hakikisha limeandikwa kwa saa za kiangazi. Majedwali mengi ya kuchapwa hutumia saa za Greenwich mwaka mzima, kwa hiyo kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba uongeze saa moja. Asiyeongeza huenda akiamini maji yameanza kupwa, kumbe bado yanajaa.

Rye ndiyo sababu ya nyota tano. Zamani ilikuwa bandari, Wafaransa waliichoma mwaka 1377, kisha tope likaisukuma bahari hadi kama kilomita 3 kutoka mjini. Biashara ilipokufa hakuna aliyekuwa na pesa za kubomoa na kujenga upya, na kwa hiyo mji ukabaki. Mtu aliyeona magofu ya Kilwa atalitambua jambo hilo, tofauti ni kwamba hapa watu bado wanaishi ndani. Lango la Landgate ni la mwaka 1329. Mtaa wa Mermaid umetandikwa mawe ya duara yanayoteleza mvua ikinyesha: visigino na magurudumu ya masanduku yaishie kituoni. Panda mnara wa kanisa la Mtakatifu Maria. Saa yake ni ya karne ya 16 na bado inatembea. Njia ya juu ni nyembamba kiasi kwamba anayepanda na anayeshuka hawapishani, basi nenda mapema. Kati ya saa tano na saa tisa mabasi ya watalii humwaga watu. Fika kwa treni ya mapema au baki baada ya saa kumi, lakini kariri ratiba: treni ni moja kwa saa, ukiikosa unakaa.

Hastings haikunipendeza kwa mtazamo wa kwanza wa katikati ya mji. Pita, endelea mashariki hadi Mji wa Kale. Hakuna bandari, hivyo mashua za uvuvi hukokotwa juu ya kokoto kwa mashine, na vile vibanda vyeusi virefu vya mbao vilikuwa ghala za nyavu. Vilijengwa kwenda juu kwa sababu ya uhaba wa nafasi pwani. Nunua gayogayo kwa wavuvi wenyewe kama una jiko. Vita vya Hastings vya 1066, vilivyowapa Wanormani Uingereza, havikupiganwa hapa, bali mji wa Battle, robo saa kwa treni. Tenga saa mbili kwa abasia na uwanja wake, na buti, kwa kuwa ni mteremko wa nyasi na tope.

Lewes ni ya kupotea. Vichochoro vyake, ambavyo wenyeji wa Sussex huviita twitten, vinashuka kutoka barabara kuu kama vile vya Mji Mkongwe, ila vya Lewes vina mteremko wa kuumiza magoti. Usiende tarehe 5 Novemba kwa bahati mbaya: ni usiku wa mioto na maandamano, barabara hufungwa, na miaka ya karibuni treni zimekuwa zikipita kituo bila kusimama kuanzia jioni.

Brighton ipe siku moja, Jumanne au Jumatano. Jumba la Royal Pavilion linastahili kiingilio: nje makuba ya Kihindi, ndani mapambo ya Kichina, kazi ya John Nash kwa mfalme George wa Nne, na kuanzia mwisho wa 1914 lilikuwa hospitali ya askari wa India waliojeruhiwa Ulaya. Reli ndogo ya umeme ya Volk, ya mwaka 1883, huenda polepole na haifanyi kazi majira ya baridi. Gati la burudani lenyewe ni michezo ya sarafu na harufu ya mafuta. Nusu saa inatosha. Chipsi kula ukiwa na ukuta mgongoni, maana shakwe hutokea nyuma.

Chichester na Arundel zinaenda pamoja siku moja, kwa kubadilisha treni njiani. Msalaba wa soko wa Chichester, wa mwaka 1501, askofu aliujenga ili maskini wauze bidhaa zao bila kutozwa ushuru. Kanisa kuu halina kiingilio. Ngome ya Arundel hufungwa majira ya baridi, na kwa kawaida Jumatatu pia isipokuwa Agosti, na Jumatatu ndiyo siku wageni wengi huichagua. Mbele zaidi magharibi, nje ya Sussex, iko Southsea ya Portsmouth. Mzanzibari atapenda kujua kwamba Sultani Jamshid, baada ya kupinduliwa Januari 1964, aliishi mtaa huo miaka mingi kabla ya kuhamia Oman.

Chakula: samaki na chipsi ni pauni 12 hadi 16 ukikaa mezani, pungufu ukibeba. Asiyekula haramu aulize mambo mawili, si moja: mafuta ya kukaangia ni ya mimea au ya ng'ombe, na unga wa kupaka samaki umechanganywa na bia au la. Wauzaji wamezoea kuulizwa. Kiamsha kinywa cha hoteli huja na nguruwe. Waambie usiku uliotangulia wakuwekee mayai, maharage na uyoga kwenye kikaango safi.

Maduka ya miji midogo hufunga saa kumi na moja jioni, na majumba ya kihistoria huzuia wageni wapya saa nzima kabla ya kufunga, wakati jua la Juni huzama baada ya saa tatu usiku. Kwa hiyo mji asubuhi, ufuo jioni. Mwezi ninaoupendekeza ni Septemba, wiki mbili za mwanzo: maji yako kwenye kilele cha joto, shule zimefunguliwa, bei zimeshuka, na ngome bado ziko wazi. Beba koti la kuzuia upepo hata kama London ulikotoka kuna joto. Upepo wa kusini-magharibi haupumziki, na mwavuli utaugeuza nje ndani kabla hujafika gatini.