Hita ya injini ya bei poa: nyota moja, na sababu zangu

Hita hii niliinunua mtandaoni kwa ajili ya gari langu dogo la Kijapani la silinda nne, hapa Winnipeg, Kanada. Usiinunue. Jina silitaji, maana hita ileile inauzwa kwa nembo chungu nzima, kwa hiyo soma nitakachoeleza kuhusu mpira wake kisha jihadhari na yoyote inayofanana nayo.

Kwa walioko Dar au Mombasa wanaojiuliza ni kitu gani: Januari ya huku joto hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na kuna siku hupita hapo. Oili inakuwa nzito kama uji uliolala, betri inaishiwa nguvu, starta inalalamika mara mbili tatu na kunyamaza. Hita ya injini ni koili ya umeme inayoingizwa kwenye tundu la bloku, yaani mwili wa injini, na kukaa ndani ya kulanti, yale maji ya kupoza injini. Waya wake unatokezea mbele kwenye grili, na usiku unachomeka gari kwenye soketi ya maegesho. Ni kifaa cha nyika hizi hizi. Andrew Freeman wa North Dakota, ng'ambo tu ya mpaka, ndiye aliyepata hataza ya hita ya namna hiyo mwaka 1949. Jirani akikuuliza usiku kama umechomeka gari, hakutanii.

Yangu ni ya wati 400, kwa umeme wa huku wa volti 120. Bei ilikuwa kama robo ya ile ya kampuni iliyounda gari. Fundi aliifunga bila shida, na winta ya kwanza sikuwa na neno: ufunguo mmoja, injini inawaka, hewa ya moto inatoka upesi.

Winta ya pili kulanti ikaanza kupungua. Kidogo kidogo, ila kila nikifungua boneti kiwango kiko chini ya mstari. Chini ya gari hakuna tone, theluji nyeupe pe. Nikaenda gereji moja kubwa. Gari likaingizwa ndani kwenye joto, wakafunga ile pampu ya mkono kwenye rejeta, wakajaza presha. Mshale haukushuka hata kidogo. Wakashuku gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, wakaleta dawa ya bluu ambayo hugeuka njano ikikutana na moshi wa silinda. Ikabaki bluu. Hapo wakaamua ni pampu ya maji, wakabadilisha, nikalipa. Kulanti ikaendelea kupungua.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo gereji ile haikulijali hata nilipolitaja. Soketi ya maegesho, ile ya usalama yenye kitufe, inayojizima umeme ukivuja, ilianza kujikata kila nikichomeka gari. Jibu lao: soketi za nje ndivyo zilivyo.

Injini ilikufa kwenye barabara kuu ya kwenda Brandon. Cha kwanza kubadilika hakikuwa mshale wa joto. Ni hewa ya ndani ya gari: iliyokuwa moto ikawa vuguvugu, halafu ubaridi mtupu, huku mshale umetulia katikati kana kwamba hakuna kitu. Sensa ya joto hupima vizuri ikiwa imezama kwenye kulanti. Ikibaki kwenye hewa na mvuke inaweza kukudanganya. Mshale ulipokuja kupanda ulipanda kwa mkupuo, mvuke ukatoka kwenye boneti, nikazima pembeni na kuita gari la kuvuta. Kwenye kijiti cha oili nilikuta oili nyeupe, imeshachanganyika na maji. Safari hii gasketi ilikuwa imeungua kweli.

Gari nikalipeleka kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa Bukavu mwenye gereji ya milango miwili. Nikamsimulia habari ya soketi, akacheka. "Ndugu, acha motokari apa inje, ilale na baridi. Asubui tutaona fasi maji inatokea."

Asubuhi, injini ikiwa imeganda vilevile nje, akaongeza kulanti, akapiga presha, akaingia chini na tochi na kioo kidogo cha mkono. Akaniita nione. Nyuma ya bloku, kwenye ukingo wa hita, tone la pinki lilikuwa linavimba, linateremka kwenye chuma, linaingia kwenye kava ya plastiki ya chini. Ndani ya kava kulikuwa na dimbwi zima, ndiyo maana theluji haikuonyesha kitu. Kisha akaelekeza hewa ya moto pale kwenye hita. Mpira ulipopata joto ukatanuka, tone likakatika. Kumbe ndiyo sababu kipimo cha gereji yenye joto hakikuona lolote: hita ilivuja ikiwa baridi tu.

Ilipotolewa nikaishika mkononi. Pete ya mpira ilikuwa imekakamaa na kubonyea upande mmoja. Nilipoikandamiza kwa ukucha haikuacha alama. Pini za shaba, pale waya unapochomekwa, zilikuwa na ukoko wa kijani, kwa sababu kulanti ilitiririkia hapo. Mita ilisoma omu 36 kwenye koili, sawasawa kabisa kwa wati 400. Lakini kati ya pini na mwili wa chuma, ambako mita haipaswi kusoma kitu, ilisoma. Soketi ilikuwa na haki ya kujikata. Yaani koili ilikuwa nzima, inapasha injini vizuri, huku mpira wake unaimaliza kulanti.

Hedi iliskimiwa, yaani uso wake ulisawazishwa kwa mashine, gasketi mpya, themostati mpya, oili ikabadilishwa mara mbili. Bloku ilipona, namshukuru Mungu.

Sasa nimefunga hita ya kampuni ya gari. Nayo siyo kinga kamili: mwaka 2018 Ford iliita pikapu takriban 874,000 Amerika Kaskazini zirudi kurekebishwa, kwa sababu maji na uchafu viliweza kuingia kwenye kiungo cha waya wa hita na kuleta hatari ya moto. Kwa hiyo pini nazikagua kabla ya winta, na taima huwasha umeme saa chache kabla ya kuondoka, si usiku kucha. Ukibadilisha kulanti, toa hewa yote na uache injini izunguke kabla ya kuchomeka. Koili ikikaa kwenye hewa inaungua. Na kama kulanti inapotea bila tone, mwambie fundi apime injini ikiwa ya baridi. Akikataa, tafuta fundi mwingine.

Muuzaji alijibu barua pepe yangu kwa adabu sana. Dhamana inarudisha bei ya hita peke yake. Madhara kwa sehemu nyingine za gari hayamo, na kweli imeandikwa hivyo, kwa herufi ndogo. Pesa ya hita nimepata. Halafu wakaniomba niwape nyota. Nimewapa moja, ya waya: ule hata kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri ulikunjika bila kupasuka.