Baklaiti za fosfori iliyovishwa utando: zinunue kwa TV ipi?

Kwa TV ya kibanda umiza pale Kirumba, Mwanza, inayowaka mchana kutwa hadi mechi ya mwisho usiku, mwanga ukiwa juu kabisa, baklaiti hizi, yaani mistari ya taa za LED nyuma ya kioo, zinastahili bei yake, mradi TV yenyewe iwe ya rangi pana, inayoonyesha rangi nyingi kuliko TV ya kawaida. Kwa TV ya kawaida ya sebuleni, chukua za kawaida.

Sababu iko kwenye unga. Taa nyeupe ya LED ni chipu ya bluu, nanomita 450 hivi, iliyofunikwa kwa unga wa fosfori, unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa rangi nyingine. Unga wa njano wa YAG ni sugu, unyevu hauusumbui sana, hivyo kuulipia utando ni kupoteza pesa. TV za rangi pana nyingi hupata nyekundu yake kutoka KSF, floridi yenye manganisi inayong'aa karibu na nanomita 631, na KSF haipatani kabisa na maji. Mvuke hupenya silikoni ya taa, manganisi ya juu ya chembe hugeuka oksidi ya kahawia, nyekundu inafifia, nyasi na nyuso za wachezaji zote zinaelekea kijani-bluu. Joto huharakisha. Na huku ziwani unyevu haukosekani, hasa masika.

Utando wa alumina au silika, nanomita chache hadi makumi kadhaa, huuzuia mvuke huo. Ukiwa mwembamba mno unabaki na matundu; ukizidi unene hupasuka, kwa kuwa hautanuki sawa na chembe.

Maneno ya kwenye boksi hayatoshi. Chukua taa mbili za mstari mmoja. Moja iache kavu, nyingine iweke juu ya mvuke kwenye sufuria iliyofunikwa kwa saa kadhaa, ikauke, kisha ziwashe zote kwa miliampea 20 na uzitazame kupitia plastiki nyekundu. Ya mvuke ikififia waziwazi, utando haupo au ni mbovu.

Ila utando hauokoi taa inayosukumwa mkondo mkubwa. Badilisha mistari yote kwa pamoja, safisha bati zinapobandikwa kwa spiriti, kisha shusha mkondo: rezista ya kupimia mkondo huo kwenye saketi ya baklaiti ikitoka ohmu 1 kwenda 1.3, mkondo unapungua karibu asilimia 23. Mwanga unashuka, taa inapoa. Fundi asiyefanya hivi asitoe garantii.

Kasoro ya kuangalia ni lenzi, kile kifuniko kidogo cha plastiki juu ya kila taa. Isukume kwa kidole kabla ya kulipa. Ikidondoka ndani ya TV inaacha doa jeupe kwenye kioo. Ibandike kwa epoksi, siyo supaglu, maana moshi wake huitia lenzi ukungu.