Mkanda wa vikopo 12 vya baruti, Kirumba: ngozi safi, kamba za kubadilisha

Karakana moja ya ngozi Kirumba, Mwanza, inashona kwa oda mikanda ya baruti ya mtindo wa karne ya 17 kwa ajili ya vikundi vya maigizo. Bei ni shilingi 90,000. Jukwaani unafaa, ila usilipe kabla hujavuta vifuniko vyote 12.

Mkanda huu, bandolia, ulivaliwa na askari wa magobori Ulaya kabla katriji za karatasi (vifurushi vya baruti na risasi pamoja) hazijaenea. Unaanzia bega la kushoto na kuishia nyonga ya kulia, penye mfuko wa risasi na kichupa cha baruti laini ya kuwashia. Kila kikopo kilibeba baruti ya mlio mmoja, imeshapimwa: askari anafungua, anamimina mtutuni, anatia risasi, anashindilia kwa mdeki.

Ngozi haina kasoro. Ni ya ng'ombe, upana sm 4, imeshonwa mistari miwili kwa uzi wa nta, na bizimu ni ya shaba.

Tatizo ni vikopo. Mkataba wa jeshi la Bunge la Uingereza wa mwaka 1645 ulitaka vikopo vya mbao vyenye vitako vizima, vikerezwe ndani badala ya kutobolewa, vipakwe mafuta mara tatu, viwe vya buluu na kamba za buluu na nyeupe. Karakana imepatia rangi tu. Mbao imetobolewa kwa kekee moja kwa moja, kisha kitako kikabandikwa kwa gundi, na mafuta ni mkono mmoja. Masika hapa ziwani mbao hunywa unyevu: kitako kinaachia, kifuniko kinavimba na kukwama. Dai vitako vizima na mafuta ya kitani mikono mitatu, kila mkono ukauke kabisa.

Kamba ndiyo kosa kubwa zaidi. Kikopo halisi kina masikio mawili ubavuni, na kifuniko vilevile; kamba inapita kote, hivyo kifuniko kinapanda juu ya kamba bila kudondoka. Hapa kimeachwa huru, kitapotea siku ya kwanza. Tena wametumia uzi wa nyavu wa nailoni, unaoteleza na kulegeza fundo. Nunua kamba ya pamba ya mm 3, kata sm 40 kwa kila kikopo. Ipitishe kwenye tundu la mkanda, shusha ncha zote mbili kwenye masikio ya kifuniko, halafu ya kikopo, piga fundo chini. Acha nafasi ya sm 8 juu ya kifuniko, la sivyo hakitafunguka.

Vikopo vinagongana na kupiga kelele. Usivizibe kwa kitambaa. Ndivyo vilivyokuwa, na maofisa wa zamani walilalamika kwamba usiku viliwasaliti askari. Pia utambi unaowaka, wa kulipulia gobori, ulipita karibu mno na baruti hiyo yote. Kwa igizo tia mchanga mkavu robo kikopo, upate uzito, baruti usiiguse.