Ati sijui kutembea vichochoroni: uzoefu wangu Dijon

"Mitaa ya kale inahitaji mazoea kidogo. Wateja wetu wengi hawapati shida hii."

Ndivyo nilivyojibiwa. Mie, mtoto wa Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, niliyekuwa natumwa Darajani umeme umekatika, giza la kutisha, na nikarudi na chenji kamili, leo naambiwa na watu wa programu ya simu kwamba sina mazoea ya mitaa ya kale! Nililisoma jibu lile mara tatu, nikampa kaka yangu alisome, akacheka. Alipocheka ndipo nilipokasirika kabisa.

Jina la kampuni silitaji. Wanauza sauti. Unalipa, unapakua kwenye simu, unavaa visikizio, halafu unatembea mwenyewe mji mzima huku bwana mmoja anakuhadithia kwa Kiingereza cha puani. Wana miji kibao ya Ulaya. Mie niliwachukua kwa Dijon, Ufaransa, nilikokwenda kumwona mtoto mchanga wa kaka yangu, siku za baridi zinaanza. Kaka kazini, wifi ana kichanga kifuani. Akaniambia, "Wifi, mji wenyewe mdogo, nenda ukatembee. Mimi na huyu hata mlangoni hatufiki." Nikiwa nafunga viatu akapaza sauti kutoka chumbani: "Na utazame chini, wifi!" Nikamwitikia, "Haya." Nilijua ananionya mavi ya mbwa, maana Ufaransa na mbwa wao unazijua.

Nisiwe mchoyo wa haki: mwanzo ulikuwa mzuri. Bwana Sauti alinianzisha kwenye bustani ya Darcy, palipo na dubu mweupe wa jiwe, mfano wa yule wa mchongaji Pompon. Akanieleza kwamba chini ya bustani kuna tangi la maji, na kwamba Darcy mwenyewe alikuwa mhandisi aliyeuletea mji maji safi mwaka 1840 kutoka chemchemi ya nje huko. Nikamkumbuka Seyyid Barghash, sultani wetu wa zamani, na maji yake ya Chemchem, bomba lile lililoingia Mjini wakati wake. Nikasema kumbe hawa wenzetu tu, nao walikuwa wakipanga ndoo. Moyo ukafunguka. Nikapita lile lango la Guillaume, nikashuka barabara ya maduka, sina neno.

Nikafika kanisa la Notre-Dame. Hapo, wallahi, nilisahau baridi. Uso wa kanisa umejaa vinyago vya mawe vilivyochomoza safu juu ya safu, vinakutolea macho kama watu wa chuki dirishani. Sauti ikanihadithia kisa cha mla riba. Zamani, karne ya 13, mla riba mmoja alikuja kufunga ndoa kanisani hapo. Juu ya mlango palikuwa na kinyago cha mla riba mwenzake na mfuko wake wa pesa. Bwana harusi anaingia tu, jiwe likaporomoka, ule mfuko ukampiga kichwani, akafa pale pale mbele ya bibi harusi. Waliobaki wa biashara ile wakaona hatari, wakachanga fedha vinyago viondolewe. Vilivyopo sasa vimewekwa karne ya 19. Nilicheka peke yangu njiani kama mwendawazimu. Mla riba auliwe na mfuko! Kiweke akilini kisa hiki, nitakirudia.

Na juu ya kanisa hilo hilo kuna saa. Mtawala wao mmoja, Philippe le Hardi, aliichukua ngawira mwaka 1382 kutoka mji wa Kortrijk huko Flanders, Ubelgiji ya leo, pamoja na mtu wake wa chuma anayegonga kengele. Jamaa anaitwa Jacquemart. Akagonga peke yake zaidi ya miaka mia mbili na hamsini hadi wenyeji wakamwonea huruma, wakamwoza: mwaka 1651 akaletewa mke. Mtoto wa kiume akaja 1714, wa kike 1884. Zanzibar mashangazi wasingengoja hivyo, wangeshamletea mchumba wiki ya pili.

Kwa hiyo hadi hapa ningewapa nyota nne, nasema kweli.

Sasa bundi.

Dijon alama yao ni bundi. Mie nimekua naambiwa bundi akilia juu ya paa andaa sanda, na bibi yangu alikuwa akimtupia chumvi na maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Wao wamemchonga kwenye pembe ya kanisa, wamempa na mtaa, na mtu akipita humpapasa aombe analotaka. Nilitaka nimwone kwa macho yangu. Bwana Sauti akasema, "Zunguka kanisa, ingia kichochoro cha kushoto." Nikaingia. "Nenda mbele." Nikaenda. "Umefika. Mtazame, amesuguliwa na mikono ya karne nyingi."

Nilikuwa nimesimama mbele ya duka la jibini.

Nikatazama ramani. Kile kidoti cha buluu, ambacho ndicho mimi, kilikuwa kinaruka ruka kama panzi: mara niko kanisani, mara niko juu ya nyumba za watu, mara mtaa wa nyuma. Nikarudi nilikotoka. "Umefika," akaniambia tena, na sasa naitazama pikipiki. Mara ya tatu programu ikaganda, ikajizima, ikafunguka na kunitaka niingie upya. Nikaweka nywila. Ikasema itanitumia namba ya siri kwa ujumbe. Inatuma wapi? Kwenye laini yangu ya Zanzibar! Laini ya Zanzibar niliitoa kwenye simu siku ya kwanza nikaweka ya kule, na kale kakadi kako kwenye pochi ndogo, na pochi ndogo iko kwa wifi, juu ya friji. Nimelipia safari nzima, imeshapakuliwa yote simuni, na bado mlango umefungwa kwa sababu ya kikadi kilicholala juu ya friji.

Nilisimama pale vidole vimekufa ganzi. Akatokea mzee na mkongojo na mkoba wa mboga. Nikamrukia: "Chouette? Chouette?" Ndilo neno lao la bundi, nililishika kutoka kwa Sauti. Mzee akasimama. Akanitazama kwa utulivu, akasema, "Bonjour, madame." Akanyamaza. Akangoja.

Jamani, aibu iliyonishika. Mimi kutoka Unguja, ambako huulizi hata saa ngapi kabla ya salamu na hujambo na watoto hawajambo, mgeni ndiye ananifundisha salamu! Na haikuwa tabia yangu, ilikuwa ile simu, saa nzima nilikuwa naipapasa na kuibembeleza, nilishakuwa kama mnyama. Nikamjibu, "Bonjour, monsieur." Basi uso ukamfunguka, akainua mkongojo, akagonga chini karibu na kiatu changu.

Chini, kwenye jiwe la njia, pana kipande cha shaba cha pembe tatu, kimechorwa bundi, kinaelekeza upande. Hatua chache mbele, kingine. Mbele tena, kingine. Mji mzima! Ni njia ya vituo 22, imepigwa chini kwa shaba, na kila kituo kina kibao chake chenye namba. Hakitaki chaji, hakitaki nywila. Nimekulia kati ya milango ya njumu za shaba, jicho langu linaiona shaba kwenye giza, na nilikuwa nimeikanyaga tangu bustani ya Darcy nikiwa nimeinamia kioo.

Nilipomhadithia wifi jioni alishika kiuno. "Si nilikwambia utazame chini?"

"Nilidhani mavi ya mbwa, wifi."

"Na hayo pia," akasema.

Kwa shaba zile dakika mbili nikafika. Bundi mwenyewe mdogo, kama sentimita 30 tu, kwenye kona ya ukuta mtu aweze kumfikia, na mkabala wa mtaa kuna nyumba ya mbao ya mwaka 1483 iliyoinama kama inasikiliza. Uso hana. Macho, mdomo, manyoya, vyote vimeliwa na mikono, amebaki uvimbe wa jiwe laini kama sabuni iliyokaribia kwisha. Mwaka 2001 mwezi wa Januari kuna mtu alimjia usiku na nyundo, mji ukaumia kana kwamba kapigwa mtoto wao, wakamtengeneza. Mbele yangu mama mmoja alimbeba mwanawe amguse, mwenyewe akagusa, wakaenda.

Shuruti yake: umguse kwa mkono wa kushoto. Eti ndio wa upande wa moyo. Nikaangalia mkono wangu wa kushoto. Mkono huu kwetu una kazi yake na watu wazima tunaijua. Mpe mtu kitu kwa mkono huo uone atakavyokutazama. Sasa nimguse bundi, kwa kushoto, niombe heri? Bibi angefufuka. Nikampungia tu nikaondoka.

Nikafuata shaba hadi kwenye jumba la watawala wao, ambalo sehemu yake ni makumbusho, na kuingia ni bure, ila Jumanne wamefunga. Hapa Bwana Sauti kama angekuwa hai angeharibu. Kuna kaburi la yule yule Philippe wa saa, kazi ya wachongaji akina Claus Sluter. Juu amelala yeye na mikono imekutana, sawa, mtawala ni mtawala. Shuka macho chini yake. Chini kumezunguka msafara wa matanga: watu wafupi wa alabasta, kama urefu wa mkono kutoka kiwiko, wanapita kwenye nguzo nguzo kama baraza yetu, wamevaa majoho na kofia za kufunika uso. Mmoja huoni kitu ila nguo, lakini mgongo tu unakwambia analia. Mwingine anasoma. Mwingine amejibana pua kwa vidole, anapenga kamasi. Nilikaa pale hadi miguu ikauma. Nimewaona watu hawa wote kwenye mazishi ya baba yangu, pamoja na huyo wa kamasi, ni mjomba wangu kabisa.

Basi ningeishia hapo ningesema programu mbovu, mji mzuri, yaliyopita si ndwele. Niliporudi Unguja mwezi uliofuata benki ikaniletea ujumbe: yuro zangu zimekatwa tena. Na mwezi wa pili tena. Kumbe nilipobonyeza "kubali" nilikubali kulipa kila mwezi, ile safari ya Dijon ilikuwa chambo. Niko Kiponda naanika dagaa, nalipia kutembezwa Ufaransa! Nikawaandikia kwa upole, nikaeleza kidoti, nikaeleza duka la jibini, nikaeleza laini ya juu ya friji, nikaomba hela. Wakanijibu hilo la mazoea. Kuhusu hela hawakugusa hata herufi.

Naona walioondoa vile vinyago walikosea. Wangeacha kimoja, cha mfuko.

Nyota sitoi. Sawa, naweza kutoa moja kwa kisa cha Jacquemart, alikisimulia vizuri, na sauti yenyewe haikuwa mbaya. Hapana, hata hiyo nairudisha, kwa sababu wameniona mjinga. Atakayekwenda Dijon asinunue kitu masikioni. Ofisi ya watalii wanauza kijitabu cha njia ya bundi, wifi anacho, kimejaa madoa ya maziwa ya mtoto na kinasomeka.

Jambo moja sikulisema. Usiku wa mwisho kabla ya kuondoka tulitoka mimi na wifi, mtoto tumemfunga kama kifurushi, tukapita kwa bundi hakuna mtu. Wifi akamgusa kwa kushoto bila hata kufikiri, mwenyeji yule sasa. Mimi nikavua glavu, nikapiga bismillahi, nikamgusa kwa kulia. Nikaomba mtoto akue, na nikaomba kule nilikolipia nisije nikajuta.

Juzi nimempigia wifi kumwambia wamekata kwa mara ya nne. Akaniuliza, "Ulitumia mkono gani vile?"